Alama Ndani ya Kifuniko: Wiki Mbili London na Baba Mdogo

Baba mdogo alitua London mwezi Juni mwaka juzi akiwa na begi moja, sweta mbili alizofumiwa na mama mdogo, na saa ya mkono iliyobaki kwenye majira ya Mwanza tangu siku aliyofika hadi alipoondoka. Nilimwambia kiangazi tofauti ni saa mbili tu, nikaomba nimrekebishie. Akavuta mkono wake taratibu. "Hii inanionyesha nyumbani. Za hapa nitazisoma ukutani."

Ni fundi saa. Kwa zaidi ya miaka arobaini amekaa nyuma ya kimeza chenye kioo, lenzi imebanwa jichoni, akifungua saa za walimu, za mapadri, za wavuvi waliouza sangara wakajinunulia saa ya kwanza maishani. Macho yamechoka sasa, na simu zimemaliza wateja, lakini vidole vyake bado hugusa kila kitu kana kwamba ndani yake kuna gurudumu dogo linaloweza kudondoka.

Mimi nilikuwa nimemwandalia orodha. Nilikuwa naishi mji huu mwaka wa kumi na moja, nimepokea wageni wengi, na orodha ya wageni iko kichwani: Big Ben, kanisa la Westminster Abbey, kasri la Buckingham, gurudumu la London Eye, daraja la Tower Bridge, picha, chakula, kulala. Nikamsomea huku anakunywa chai. Alisikiliza kwa adabu hadi mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Mwanangu, hapo Bush House ni mbali?"

Kwa msomaji ambaye hakukulia na redio ya betri, nieleze kidogo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza matangazo yake mwaka 1957. Kwa miongo mingi sauti zile zilitoka kwenye jengo kubwa la mawe meupe katikati ya London, na masafa mafupi yakazifikisha kwetu zikiwa zimechanganyika na mikwaruzo na miluzi. Jioni wazee walikusanyika kwenye benchi la nyumba yenye redio, na watoto tulijua kwamba kwa nusu saa hiyo hakuna kukimbia wala kulia. BBC ilihama Bush House mwaka 2012, na sasa jengo linatumiwa na chuo kikuu cha King's College London. Hakuna kiingilio, hakuna foleni, hakuna duka la zawadi. Mgeni wangu yeyote hakuwahi kulitaja, na mimi mwenyewe nilikuwa nimelipita mara mia bila kuinua macho.

Tulikwenda jioni ile ile. Upande unaotazama barabara ya Kingsway kuna nguzo ndefu, na juu yake sanamu mbili za wanaume zinazosimama kwa niaba ya Uingereza na Marekani, kwa sababu aliyelijenga jengo alikuwa mfanyabiashara wa Kimarekani, Irving T. Bush. Chini ya sanamu yamechongwa maneno ya Kiingereza. Baba mdogo aliyasoma kwa sauti, akayageuza polepole: "Kwa urafiki wa watu wanaosema Kiingereza."

Akanyamaza. Halafu akasema, "Na humo ndani watu walikuwa wanasema Kiswahili."

Tulizunguka upande wa Strand, ambako magari yameondolewa na kuwekwa miti na viti, tukakaa. Ndipo aliponieleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia, ingawa nimekaa kwenye banda lake utoto wangu mzima. Fundi anayefungua saa ya mtu kuitengeneza hukwaruza alama ndogo kwa ncha ya sindano upande wa ndani wa kifuniko. Herufi mbili, tarehe, pengine namba. Mwenye saa haioni maisha yake yote. Lakini siku saa ikiharibika tena, fundi mwingine, labda katika nchi nyingine, akiifungua anakuta: kumbe fulani alipita hapa kabla yangu. Aliwahi kufungua saa moja akakuta alama nne, moja kwa herufi za Kiarabu, moja kwa maandishi ya Kigujarati.

"Nje ya kifuniko wanaandika jina la kampuni," alisema. "Mimi huangalia ndani."

Orodha yangu ilifia pale kwenye benchi. Wiki mbili zilizofuata tulitembea London kwa namna yake, na sasa kila anayeniuliza aende wapi mji huu namwelekeza tulikopita.

Westminster Abbey ilikuwepo kwenye orodha yangu pia, kwa sababu ya wafalme. Wengi huingia kuona kiti cha kutawazia, makaburi ya malkia, kona ya washairi. Kiingilio ni ghali, na kama shida ni fedha, sala ya jioni yenye kwaya haina malipo. Ila ukija kwa sala unakuja kusali, huzunguki. Sisi tulilipa, maana tulichokifuata kiko sakafuni, katikati ya ukumbi mkuu. Ukiingia utaona kwanza kaburi la askari asiyejulikana, aliyezikwa 1920, limezungushiwa maua mekundu, na hakuna mguu unaolikanyaga. Endelea mbele kidogo. Kuna jiwe jeusi lenye herufi za rangi ya dhahabu, watu wanapita juu yake wakitazama dari. Hilo ni kaburi la David Livingstone.

Mstari wa kwanza kwenye jiwe unasema ameletwa na mikono ya waaminifu, kupitia nchi kavu na bahari.

Mikono ya nani? Jiwe halisemi. Kila mtoto aliyesoma historia Tanzania au Zambia anaweza kujibu: Abdullah Susi na James Chuma, na msafara mzima wa wanaume na wanawake waliokuwa pamoja nao. Livingstone alifariki mwanzoni mwa Mei 1873 kwenye kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Wangeweza kumzika na kutawanyika. Hakuna mtu ambaye angewalaumu. Badala yake walitoa moyo wake wakauzika chini ya mti, Jacob Wainwright akasoma sala, wakaukausha mwili juani, wakaufunga kwa kitambaa na magome, wakaubeba kwa miezi, maji na matope na vita njiani, hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Wainwright alisafiri na jeneza hadi Uingereza na alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza siku ya mazishi, 18 Aprili 1874. Susi na Chuma, waliotangulia kuamua kwamba mzigo huu utabebwa, waliletwa London mazishi yakiwa yamekwisha. Ndipo wakakaa na mhariri kusaidia kuweka sawa shajara za mwisho za marehemu.

Baba mdogo alisimama pembeni ya jiwe muda mrefu kiasi kwamba mhudumu mmoja mwenye joho alikuja kumuuliza kama anahitaji kiti. Alimshukuru, akakataa. Kisha akafanya kitu ambacho mpaka leo kinanisisimua: akainama, akaweka kiganja juu ya neno la Kiingereza lenye maana ya mikono, akataja majina matatu. Susi. Chuma. Wainwright. Hakupaza sauti. Watalii walimpisha.

Tulipotoka nje alikuwa na hamu ya kuzungumza. Alitaka kujua nani alishika mbele, nani nyuma, walipokezana vipi, walilala wapi na ule mwili, walikula nini. Maswali ya fundi. Sikuwa na jibu la mengi, na niliona aibu kwamba miaka kumi na moja sikuwahi kuuliza hata moja.

Siku mbili baadaye tulikwenda Kensington Gardens kwa sababu ya jiwe jingine. Upande wa kaskazini, karibu na lango la Lancaster, kuna mnara wa mawe mekundu uliochongoka. Maandishi ni machache mno: kumbukumbu ya Speke, Victoria Nyanza na Nile, 1864. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika kusini mwa ziwa letu, pale Mwanza, tarehe 3 Agosti 1858, akalipa jina la malkia wake. Lakini tazama neno la katikati. Nyanza. Neno la watu wa ziwani limechongwa kwenye jiwe katika bustani ya kifalme, limekaa hapo zaidi ya karne moja na nusu, na mbwa wa London wanakimbia kulizunguka kila asubuhi. Mzee wa Kisukuma aliligusa herufi moja moja. "Hili walishindwa kulibadilisha," alisema.

Jina la Sidi Mubarak Bombay halipo kwenye mnara. Alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akarudi pwani yetu, akawaongoza wasafiri wa Kizungu, Burton na Speke, kisha Speke na Grant, baadaye Stanley, na Cameron. Bila yeye sijui nani angefika wapi. Heshima aliipata akiwa hai, medali ya fedha kutoka Jumuiya ya Kifalme ya Kijiografia, ambayo makao yake yako mwendo mfupi tu kutoka bustani ile. Ukipita Kensington, pita kwenye mnara huu. Hauchukui dakika kumi, na hulipi chochote.

Sasa Greenwich.

Nilijua atapapenda, sikujua kwa kiasi gani. Tulipanda treni za DLR, ambazo hazina chumba cha dereva mbele, nikamketisha kiti cha kwanza kabisa ili aone reli inavyokuja. Njiani tulishuka West India Quay. Hapo kuna ghala la sukari lililojengwa 1802 ambalo sasa ni makumbusho ya bandari, na ndani yake ukumbi mzima unaoeleza sukari ile ilitoka wapi na nani aliilima: watu waliovushwa bahari kutoka Afrika wakiwa watumwa. Jengo lenyewe ni ushahidi. Mihimili ni ile ile, sakafu ni ile ile. Nje palikuwa na sanamu ya mfanyabiashara Robert Milligan, aliyemiliki watumwa na kuongoza ujenzi wa bandari ile. Iliondolewa Juni 2020. Tulikaa humo saa moja, tukatoka tukiwa kimya, tukapanda treni tena.

Kituo cha kutazamia nyota cha Greenwich kilianzishwa 1675 juu ya kilima, na mwaka 1884 wajumbe wa nchi nyingi waliokutana Washington walikubaliana kwamba mstari unaopita hapa ndio uwe sifuri ya dunia. Kwa hiyo tukisema Afrika Mashariki iko mbele kwa saa tatu, tunahesabu kutoka kwenye ua huu. Watu hupanga foleni ya kupiga picha, mguu mmoja mashariki, mwingine magharibi. Mimi nasema foleni hiyo iache. Simama nje ya lango, ambako hulipi, utazame saa iliyopachikwa ukutani tangu 1852.

Ina uso wa saa ishirini na nne. Sifuri iko juu, kumi na mbili iko chini kabisa. Baba mdogo aliiona kwa mbali akaongeza mwendo, mzee wa magoti mabovu akipanda kilima kama kijana. Saa ile haifuati majira ya kiangazi. Inasoma wakati wa Greenwich mwaka mzima. Na juu ya paa la jengo kuna mpira mwekundu kwenye mlingoti, uliowekwa 1833 ili manahodha mtoni wapate kurekebisha saa zao kabla ya kung'oa nanga. Kila siku, saa saba kasoro dakika tano mchana, unapanda hadi nusu ya mlingoti. Saa saba kasoro dakika mbili unafika juu. Saa saba kamili unaanguka.

Tulisubiri. Mpira ulipoanguka, saa zote za mji zilikuwa saba mchana. Saa ya langoni ilikuwa inasoma sita kamili, mshale wa saa umeelekea chini ardhini na wa dakika umeelekea mbinguni. Na mkononi mwa baba mdogo, Mwanza, ilikuwa saa tisa alasiri. Akanionyesha mkono wake, akanyoosha kidole langoni, akanyoosha kidole juu ya paa. Alicheka hadi machozi yakamtoka. "Zote ziko sawa," alisema. "Hakuna hata moja mbovu."

Wenzetu wa lugha nyingine hawajui raha hii. Sisi tunaosoma mshale ulio kwenye saba na kutamka "saa moja" tumezoea tangu utoto kwamba saa ni makubaliano, na makubaliano yetu huanza na jua. Juni ya London inayachezea hata hayo. Jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na linazama baada ya saa tatu usiku. Baba mdogo hakuacha kushangaa kusema "saa tatu usiku" akiwa amekunja uso kwa mwanga.

Ndani, kwa kiingilio, ziko saa nne za John Harrison. Ukipenda kazi ya mikono, tenga muda wako hapa kuliko mahali popote London, ila tazama kwanza tovuti yao ujue vyumba gani viko wazi. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi hadi pauni 20,000 kwa atakayepata njia ya kujua meli iko wapi mashariki au magharibi. Wanaastronomia walitazama mwezi. Harrison, seremala wa kijijini aliyejifundisha saa mwenyewe, alisema tatizo ni saa: ukibeba baharini saa isiyokosea yenye majira ya nyumbani, ukailinganisha na jua la hapo ulipo, utajua. Alitengeneza ya kwanza, kubwa kama sanduku, ina mikono ya shaba inayopunga. Akatengeneza ya pili. Ya tatu ilimla karibu miaka ishirini. Halafu, 1759, akatoa ya nne, yenye upana wa sentimita 13 hivi, kama saa ya mfukoni iliyonenepa, na ndiyo iliyoshinda. Kwenye safari ya kwenda Jamaica iliyoanza 1761, baada ya siku 81 ilihesabiwa kuwa imechelewa sekunde 5.

Tatu za kwanza zinatembea mbele yako. Ya nne imesimamishwa. Niliuliza kwa nini, na kabla mhudumu hajafungua mdomo baba mdogo akajibu kwa Kiswahili: "Hii inataka mafuta. Ukiiacha itembee itajila yenyewe." Nikamtafsiria mhudumu. Akaitikia kwa kichwa, sawasawa kabisa, kisha akageuka na kuanza kuzungumza na mzee moja kwa moja, mimi nikawa mkalimani kwa dakika arobaini. Alitueleza kwamba saa hizi ziliwahi kutelekezwa hadi zikaota kutu, na aliyezifufua kuanzia 1920 alikuwa ofisa wa jeshi la majini aitwaye Rupert Gould, ambaye hakuwa fundi wa kusomea. Baba mdogo aliniomba nimwandikie jina hilo kwenye kikaratasi. Analo kwenye pochi hadi leo.

Tukiteremka kilima nilimpitisha kwenye makumbusho ya mambo ya bahari, chini kidogo, ambako nje imewekwa chupa kubwa yenye meli ndani. Ni kazi ya Yinka Shonibare, msanii Mwingereza mwenye asili ya Nigeria, iliyokaa kwanza kwenye uwanja wa Trafalgar mwaka 2010. Meli ni ya Nelson, jemadari wa vita vya baharini wa Uingereza, mfano wa HMS Victory. Matanga yake ni vitenge. Ukikaribia unatambua kabisa, vitenge vya sherehe. Na kitenge chenyewe kina safari ndefu: ufundi wa batiki wa Indonesia, viwanda vya Waholanzi, masoko ya Afrika. Nani ataniambia kitambaa kile ni cha nani?

Upande wa mashariki ya mji tulikwenda kwa ajili ya nyumba moja tu, kwenye kona ya Brick Lane na Fournier Street. Ilijengwa 1743 kuwa kanisa la Wahuguenoti, Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso baada ya mfalme wao kufuta haki zao mwaka 1685. Wengi wao walikuwa wafumaji wa hariri. Mwaka 1819 likawa kanisa la Wamethodisti. Mwaka 1898 likawa sinagogi la Wayahudi waliotoka Ulaya Mashariki. Tangu 1976 ni msikiti wa Wabangali. Nyumba ile ile, matofali yale yale, kila kundi lililofika likiwa halina kitu limeinamisha paji la uso humo. Wanaonifahamu wanajua huwa nawalazimisha wageni wafike hapa. Lakini mimi nilikuwa sijawahi kuona kilicho juu ya ukuta wa upande wa Fournier Street, baba mdogo ndiye aliyekiona: saa ya jua, imeandikwa 1743, na maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya "sisi ni kivuli". Mawingu yalikuwa yamefunga, saa haikusoma kitu. Tulingoja jua karibu nusu saa, wanaume wakitoka swala ya adhuhuri wakitusalimia. Lilitoka mara moja, kivuli kikakatisha namba, likaingia tena.

Kaskazini magharibi ndiko tulikokula. Hekalu la Kihindu la Neasden lilifunguliwa Agosti 1995, na ukitoka kwenye mitaa ya nyumba za kawaida likakutokea mbele, jeupe lote, utasimama tu. Tani 2,828 za mawe ya chokaa kutoka Bulgaria na tani 2,000 za marumaru kutoka Carrara, Italia, zilisafirishwa hadi India, zikachongwa kwa mikono vipande 26,300, zikaletwa London na kuunganishwa. Kuingia ni bure. Vua viatu, funika mabega na magoti, kamera iache. Waumini wengi waliochangia ni Wagujarati, na wengi katika hao walikuja London kutoka Kenya, Tanzania na Uganda, hasa baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Baba mdogo aliinama sana kuangalia viungo vya mawe. Alitafuta kosa, hakuliona.

Kutoka hapo panda basi hadi Ealing Road, Wembley. Kwenye mbao za vyakula utaona neno "mogo". Mogo wa kukaanga, mogo wa pilipili, mogo wa ndimu. Ni muhogo. Wagujarati wa kwetu walilichukua neno, likapoteza silabi njiani, likafika London na kukaa. Tuliingia mahali padogo penye meza nne. Mama mwenye nywele nyeupe na sari ya buluu alitusikia tukijadiliana tuagize nini, akatoka nyuma ya kaunta akifuta mikono.

"Nyinyi natoka wapi?"

"Mwanza, mama," alisema baba mdogo.

"Mimi Kisumu! Ziwa moja!"

Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, cha miaka ya sitini, nacho kilitoka kwanza kwa kusitasita, kisha kikamwagika. Aliuliza bei ya samaki. Aliuliza kama magugumaji yameisha. Aliuliza kama mvua bado inakuja kwa mbali juu ya maji, ukiiona kabla haijakufikia. Alisema yeye na dada yake hutumia Kiswahili wakiwa hawataki wajukuu waelewe. Alipojua mzee ni fundi saa alipanda ghorofani akashuka na saa ya marehemu mumewe, imesimama tangu zamani. Baba mdogo alivaa lenzi yake, ambayo kumbe alikuwa nayo mfukoni safari nzima, akafungua kifuniko kwa kisu cha mezani. Alikaa kimya. Kisha akanipa lenzi nitazame. Ndani, kwenye chuma, palikuwa na alama tatu.

Hakuweza kuitengeneza pale, springi ilikuwa imekatika. Lakini alimwomba yule mama sindano, akakwaruza yake ya nne, na mama hakukubali tulipe mogo.

Mengine niyapite haraka. Makumbusho makubwa ya London hayana kiingilio, na makumbusho ya Uingereza kule Bloomsbury usijaribu kuyamaliza. Chagua vyumba viwili. Yana vyumba vya saa ambavyo vilimpendeza mgeni wangu, na yana shaba za Benin zilizotekwa na jeshi la Waingereza mwaka 1897, ambazo zilimkasirisha. London Eye hatukupanda. Kilima cha Primrose Hill kinakupa mji mzima bila senti. Usipande teksi ukiwa na nguvu za miguu: basi la ghorofa, juu, kiti cha mbele, ndilo gari la kuona mji, na kadi ya benki tu inatosha kulipia.

Jioni ya mwisho tulivuka daraja la Waterloo kwa miguu. Nadhani ndipo mahali pazuri kuliko pote London. Mto unapinda hapo, ukitazama kushoto unaona bunge, ukitazama kulia unaona kuba la kanisa la St Paul's. Daraja hili lilijengwa upya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanaume wengi wakiwa vitani, na sehemu kubwa ya kazi ilifanywa na wanawake. Kwenye ufunguzi rasmi wa 1945 walioshukuriwa ni wanaume. Waendesha boti wa mto Thames ndio waliolitunza jina la daraja la akina mama, wakawa wanawasimulia abiria wao wanapopita chini. Nilimweleza baba mdogo, akaegemea ukingo, akapitisha kiganja kwenye jiwe kama mtu anayetafuta mkwaruzo.

Ilikuwa saa tatu usiku na mwanga ulikuwa bado mwingi. Alitazama mkono wake. "Nyumbani saa tano. Mama yako mdogo ameshalala." Akauliza ni njia ipi ya kituoni inayopita Bush House. Nikamwonyesha, moja kwa moja mbele, mwisho wa daraja, tukaenda.